Ubao Tuliochelewa Kuukata

Faraja mchongaji ndiye aliyeniomba niandike. Alinikuta nafunga vitu vyangu siku ya mwisho, akaniambia, "Mama Mapenzi, usiende na bintu yote mu kichwa." Alisema kana kwamba nahamia nchi nyingine, na mimi nahamia nyumba ya tatu kutoka atelye yetu ya kuchapa picha, mahali ambapo nasikia mkisaga wino asubuhi na najua nani amechelewa. Lakini ombi la mtu siku ya kuagana halikataliwi. Basi wadogo zangu mnaobaki pale atelye, hapa mjini Baraka, na rulo ya wino mkononi, haya ndiyo yangu. Vyeo sitaviandika. Kulikuwa na cheo kimoja tu, alikuwa nacho Papa Asukulu, na hakukiacha mpaka macho yalipomwachisha.

Niliingia kazini nikiwa msichana wa Swima, na kazi niliyoijua ilikuwa kuanika ndakala, dagaa wa ziwa letu. Nyinyi mnawala tu. Kuwaanika ni elimu. Unawamwaga juu ya mchanga, unawatandaza kwa viganja mpaka wawe tabaka moja, maana pale walipolundikana wataoza, na pale walipopungua jua litawachoma wawe majani. Papa Asukulu alikuwa mchongaji. Alianza maisha kwa kuchonga mihuri ya mbao ya ofisi na majina juu ya misalaba ya makaburi, mpaka padri mmoja mzee alipomfundisha kuchapa picha kutoka kwenye ubao. Siku niliyokuja kuomba kazi alinipa rulo, akamimina wino juu ya kioo cha dirisha, akaniambia nitandaze.

Nikatandaza kama ndakala. Akainama karibu, lakini hakutazama, alitega sikio.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia nini, Papa?"

"Wino. Kama iko mingi inalia vibaya. Kama iko sawa, inalia sawa samaki mu mafuta, lakini kwa nyumba ya jirani."

Nilidhani mzee ana matatizo. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naisikia sauti hiyo usingizini. Na nyinyi mnaoweka muziki wa simu wakati wa kupaka wino, ndiyo sababu chapa zenu zina madoa. Nimelisema mara nyingi, sasa limeandikwa.

Vifaa vyetu vya mwanzo mngevicheka. Presi yetu ilikuwa mashine ya kukamulia mawese, ambayo mwenyewe aliiacha ilipopata ufa. Papa Asukulu aliifunga vyuma, akaweka bamba chini na bamba juu, na ikawa inagandamiza karatasi juu ya ubao vizuri kabisa. Kasoro yake ilikuwa kwamba haikusahau kazi yake ya kwanza. Kwa miaka miwili kila chapa ilitoka na utepe mwembamba wa rangi ya machungwa pembeni. Tulisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa petroli. Kisha mgeni mmoja kutoka Bukavu akanunua chapa nne na kusifia "ule ukingo wa dhahabu". Tangu siku hiyo tuliacha kusugua, na mafuta yenyewe yakaisha bila ruhusa yetu.

Presi ilipokataa, tulichapa kwa mgongo wa mwiko wa bugali. Unaweka karatasi juu ya ubao wenye wino, unasugua taratibu kutoka katikati kwenda nje. Mwiko wangu niliuchukua nyumbani kwa mama mkwe, naye mpaka leo anasema uliibwa na paka. Na kulikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, kimetundikwa kwa waya. Hicho msikidharau. Ubao unachongwa kinyume: jicho la kulia la mtu linakaa upande mwingine, na karatasi ndiyo inayomrudisha sawa. Ukitaka kujua uso utakavyotoka kabla ya kuuchapa, unauonyesha ubao kwenye kioo. Papa Asukulu hakukata hata nywele moja bila kukiuliza kioo kwanza.

Sasa niseme kuhusu sheria yetu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kabla ya kuchapa, tunatangaza idadi. Tukisema kumi na mbili, ni kumi na mbili. Kila chapa inaandikwa kwa penseli chini, upande wa kushoto: 1/12, 2/12, mpaka mwisho, na Papa Asukulu anaweka jina lake kulia. Ikishatoka ya kumi na mbili, mchapaji anachukua kisu na kuukata ubao mkato mmoja mrefu, mahali pasipofichika. Kisha anachapa mara moja tu ubao uliokatwa. Hiyo tunaiita ya ushahidi. Haina nambari na haiuzwi. Inakaa kwenye droo kuonyesha kwamba ubao umekufa na hakuna mtu atakayechapa ya kumi na tatu kwa siri. Bei ya picha zetu yote ilikaa juu ya mkato huo. Karatasi ni karatasi, wino ni wino. Mnunuzi alinunua neno letu.

Kueleza jambo hili Baraka haikuwa rahisi. Watu walikuwa wamesoma shule, na shuleni 3/12 ni aibu. Mama mmoja aliichukua chapa nambari tatu, akaiangalia kwa huruma, akauliza, "Hii ilikosea wapi?" Tukaeleza kwamba ni ya tatu tu kutoka, zote ni sawa. Akaitikia kwa adabu, kisha akaomba ile iliyopata kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kila tiraji, yaani kila mara tulipochapa ubao mpya, nambari ya mwisho iliondoka kwanza.

Mgumu kuliko wote alikuwa Papa Alimasi, mnunuzi wa dhahabu kutoka Misisi. Alifika na pikipiki iliyojaa tope mpaka kwenye kioo, akavua miwani, akatazama ukuta wetu mzima.

"Hii picha iko ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili, mukubwa," nikasema.

"Basi kila moja iko kipande cha kumi na mbili. Bei mugawe."

Papa Asukulu hakuacha kuchonga. "We uko na batoto bangapi?"

"Munane."

"Kila moja iko kipande cha mutoto?"

Papa Alimasi alicheka mpaka akakaa. Lakini hakushindwa. Alisema, kama hivyo ndivyo, atanunua ubao wenyewe, kwa sababu yeye hajawahi kununua kivuli cha dhahabu na kumwachia mwingine dhahabu. Tukamweleza kwamba ubao ni chombo kama sufuria, na kinacholiwa ni chakula. Aliondoka bila kununua. Baada ya wiki mbili alirudi, na picha aliyorudia ilikuwa ya Wabiwa.

Wabiwa alikuwa binti wa Swima, kama mimi, ila mdogo kwangu. Kila siku ya soko alileta ndakala Baraka, na akipita kwetu aliingia kunywa maji na kututania. Alivaa kitambaa chake kichwani kimeteremka upande mmoja wa uso, ndio ulikuwa mtindo wake. Papa Asukulu alimwomba akae achorwe. Akakaa siku tatu, beseni mapajani, akituuzia samaki hapo hapo kitini. Kisha Papa Asukulu alichonga mwezi mzima, juu ya ubao wa mti wa libuyu, laini kama sabuni. Sijapata kupaka wino ubao mzuri kama ule. Uso mzima ulikuwa unakutazama, bila kitambaa, na tabasamu la mtu anayekaribia kukupunja.

Tulipomwonyesha chapa ya kwanza, Wabiwa alicheka. "Uyu dada yangu iko muzuri kuliko mi," akasema. Tukampa apeleke moja nyumbani. Akakataa. "Mi nitafanya nini na sura yangu? Munipatie kitenge." Tukampa kitenge.

Zote kumi na mbili zilikwenda upesi. Papa Alimasi alichukua nambari saba. Siku ya kukata ubao, Papa Asukulu alikuwa amekwenda Uvira kupokea karatasi, na kazi ya kukata ilikuwa yangu mchapaji. Nikachukua kisu, nikauweka ubao mezani. Wabiwa akanitazama. Nikaweka kisu chini, nikanywa chai, nikarudi. Akanitazama tena. Wadogo zangu, nilikuwa nimekwisha kukata mbao nyingi bila kuwaza, za mitumbwi, za ng'ombe, hata ya askofu. Hii ilinishinda. Nikaufunga kwa kitenge, nikausimamisha nyuma ya rafu ya karatasi, na kwenye daftari la atelye nikaandika kwa mwandiko mzuri: umekatwa. Papa Asukulu aliporudi akauliza iko wapi ya ushahidi, nikamwambia karatasi ilipasuka. Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Nilijiambia nitaukata kesho. Kesho hiyo ilikuwa na urefu wa mwaka mmoja na kitu.

Katika mwaka huo Wabiwa alifariki. Ilikuwa homa, siku nne tu. Tulikwenda Swima kwenye matanga, nikakaa chini na wanawake wengine, nikalia kama wao, na kila nilipofumba macho niliona ule ubao nyuma ya rafu.

Mama yake alikuja atelye miezi michache baadaye. Sote tulimwita Mama Wabiwa. Alitua beseni mlangoni, akakaa kwenye benchi, akakataa maji. Papa Asukulu alikuwa mezani kwake anachonga.

"Nilisikia muko na sura ya mutoto yangu," akasema. "Nimekuya munipatie moja."

Nikamuuliza, picha hana? Hata leo naona haya kwa swali hilo.

"Picha ya simu iko mingi. Yote alijigeuza upande. Mi nataka yenye kuniangalia."

Nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao kwamba zilikuwa kumi na mbili na zimeuzwa zote, tumewaahidi walionunua hakutakuwa nyingine, na kwa hiyo ubao ulikatwa. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza bila hasira yoyote, "Mulimukata fasi gani? Mu sura?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kwenye daftari ilikuwa ndiyo. Lakini mwanamke amekaa mbele yako, viganja vyake vimekauka chumvi ya samaki kama vya mama yako, anakuuliza kama ulimpitisha binti yake kisu usoni. Mdomo wangu ulisema wenyewe.

"Hapana, Mama. Sikumukata."

Patasi ya Papa Asukulu ikanyamaza. "Umesema nini, Mapenzi?"

Nikaenda nyuma ya rafu, nikautoa ubao, nikafungua kitenge. Mchwa hawakuwa wameugusa, nilikuwa nikiupaka mafuta kila mwezi. Papa Asukulu alipitisha kidole juu yake, tangu nywele mpaka kidevu.

"Mwaka muzima," akasema. "Batu kumi na mbili niliwaambia na kinywa yangu ubao imekufa. Nilikuwa naongopa, na sijui kama naongopa."

Nilijua nimepoteza kazi. Nilijua pia kwamba hilo silo baya zaidi. Baya zaidi lilikuwa kwamba mzee yule alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, neno lake, na mimi ndiye niliyelitia doa.

Mama Wabiwa alikuwa ametutazama wote wawili. "Kama haikukatwa, basi mutanipatia moja?"

"Siwezi, Mama," Papa Asukulu akajibu, na nilimwona inavyomuuma. "Nikikupatia ya kumi na tatu, zile kumi na mbili zote ziko bongo, ziko uongo."

Ndipo nikasema kuhusu ile ya ushahidi. Ubao lazima ukatwe leo, sasa hivi, mbele ya macho yake. Ukikatwa, sheria yenyewe inatupa chapa moja isiyo na nambari na isiyouzwa. Hiyo tunaweza kumpa.

"Yenye kukatwa," akasema.

"Yenye kukatwa, Mama. Lakini Papa, mkato tunaweza kupitisha pembeni, ku beseni ao ku bega..."

"Pembeni hapana," akasema Papa Asukulu. "Pembeni muntu anaweza kuchonga tena, akaficha. Tunakata fasi haifichame. We unajua."

Nilijua. Alikuwa na haki, na ningependa asingekuwa nayo. Mama Wabiwa akasema basi angalau amwone kwanza akiwa mzima. Akainamia ubao, lakini ubao ni kinyume, na mtu asiyeuzoea huona uso wa mgeni. Nikashusha kioo kwenye waya, nikakishika mbele ya ubao ili binti yake amgeukie sawa.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Mkono wangu ukaanza kuuma.

"Kovu yake iko wapi?" akauliza.

Wabiwa alikuwa na kovu, kutoka juu ya jicho mpaka karibu na kidevu, upande ule wa kitambaa. Sote tulilijua. Kwa adabu tulijizoeza kutoliona, mpaka mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba siku zote tatu alipokaa kuchorwa lilikuwa pale. Papa Asukulu aliweka mikono yake magotini.

"Nilimutolea, Mama. Nilifikiri namufanyia muzuri."

"Alikuwa na miaka ine," akasema Mama Wabiwa. "Bati ilitoka ku nyumba na upepo. Nilishika hii shavu na mukono yangu mu boti, kutoka Swima mpaka hapa Baraka ku lopitali. Sikuachilia. Hata leo mukono yangu inajua vile iko." Akapitisha kidole hewani, mbele ya kioo, polepole, na mstari ule ulikuwa na kona ndogo karibu na mdomo. Kisha akasema, "Munaniambia lazima mukate mu sura. Basi mukate pale."

Papa Asukulu alisimama, akachukua kisu chake mwenyewe, kile ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kukinoa. Akakigeuza, akampa mpini.

"Mi sijue kumukata," akasema Papa Asukulu. "Hiyo nilishaionyesha, nilipomutolea kovu."

Nikataka kumwekea mama alama kwa penseli. Hakuhitaji. Kitu pekee nilichomsaidia ni kioo, maana kidole chake kwanza kilikwenda upande usio wake, naye akajirekebisha mwenyewe alipomwona binti yake. Sisi tunasukuma kisu mbele, kiende mbali na tumbo, na mwanafunzi anayekivuta kwake tunamfukuza mezani. Mama Wabiwa alikivuta kwake kama anayepasua samaki wa mukeke. Mara moja tu, tangu nyusi mpaka kidevu, na ile kona ndogo. Libuyu ikatoa utepe mmoja bila kukatika. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaweza mkato kama ule.

Nikapaka wino. Nikautegea sikio mpaka ukalia sawa. Nilichukua karatasi bora kuliko zote, ile nzito ya pamba tuliyokuwa tukiitunza, na sikutumia presi. Nilisugua kwa mwiko, kutoka katikati kwenda nje, na usoni nilisugua kwa kidole gumba. Nikaibandua. Mahali kisu kilipopita, wino haukushika. Mstari mweupe ulishuka juu ya uso wa Wabiwa, na lile tabasamu la mpunjaji ghafla likaeleweka: lilikuwa limepinda kidogo upande huo, na Papa Asukulu alikuwa amelichonga hivyo bila kujua sababu yake.

"Sasa ni yeye," akasema Mama Wabiwa. Hapo ndipo alipolia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza.

Papa Asukulu alichukua penseli aweke jina lake, kisha akasita, akamwelekezea mama. "Mukato iko yako. Weka jina."

"Mi sikusoma, Papa."

Nikampaka wino kidole gumba, akakibandika chini, upande wa kulia, pale jina la Papa Asukulu lilipokaa kwenye zile nyingine zote. Kidole chake kilitoka na mistari yote, wazi kuliko chapa nyingi nilizopeleka sokoni. Akaikunja? Hapana, alitaka kuikunja, tukapiga kelele wote wawili, na nikamtengenezea bomba la karatasi ngumu. Akaiweka ndani ya beseni tupu, akajitwika, akaenda zake.

Sikufukuzwa. Adhabu yangu ilikuwa mbaya zaidi: niliandika barua kumi na mbili kwa mkono, moja kwa kila mnunuzi, kueleza kwamba ubao walioambiwa umekatwa haukukatwa siku yake, kwamba aliyedanganya ni mimi na si Papa Asukulu, kwamba hakuna chapa ya wizi iliyotoka, na anayetaka kurudisha arudishe. Papa Asukulu alizisoma zote, akanirudishia mbili kwa sababu ya mwandiko. Aliyerudisha chapa alikuwa mmoja tu, mwalimu, mwenye nambari tano. Alisema jambo la ubao limemgusa na anatusamehe, lakini amechoka na wageni wanaomuuliza kwa nini ametundika ukutani alama isiyofika nusu.

Papa Alimasi hakurudisha. Yeye aliisoma barua kama mfanyabiashara na akaona ndani yake kitu ambacho sisi hatukukiona: kumbe kuna moja tu ya aina yake duniani. Akawasha pikipiki mpaka Swima. Aliporudi alipita kwetu.

"Alikuuzia?" nikamuuliza.

"Alinipatia bugali na mukeke. Nikasema bei, akaongeza mboga. Nikapandisha bei, akaniambia, papa, angalia mpaka ushibe, kuangalia iko bure." Akavua miwani, akaifuta. "Nikaangalia."

Kisha akafungua begi, akatoa nambari yake saba, akaiweka mezani kwa heshima. "Muniwekee na mi ile kovu."

"Yako inabakia vile iko," akasema Papa Asukulu. "Yako ni vile mi nilimuona. Ile ni vile alikuwa."

"Basi yangu imeshuka bei?"

"Imepanda. Ubao sasa imekufa kweli."

Alifikiri juu ya hilo kama mtu anayepima punje kwenye mizani, kisha akacheka, akaifunga tena. Lakini kila mwaka alipita Swima kuangalia, na najua kwa sababu mara nyingi alinibeba kwenye pikipiki hiyo, na mgongo wangu haujasahau.

Tangu siku ile sheria yetu iliongezeka kipengele kimoja, ambacho hakikuandikwa popote mpaka sasa. Ubao wenye uso wa mtu haukatwi na mchapaji. Anaitwa mwenye uso, au mtu wake, anapewa kioo na kisu, naye anachagua mahali. Papa Asukulu alikishika mpaka macho yalipomwisha, na alipotutangulia tulikishika sisi. Mmoja alikata nyusi iliyoungua na moto wa jikoni. Mzee mmoja mwenye boti alijikata kipara, akasema mchongaji alimpendelea. Hakuna mkato uliowahi kusema uongo.

Kwa hiyo nilijua nini kinakuja siku ya kuniaga, mlipozima redio na Faraja akatoa ubao uliofungwa kitenge. Mmenichonga vizuri, wadogo zangu, na mkachapa kumi na moja kamili. Mkanipa kioo, mkanipa kisu cha Papa Asukulu. Nikatazama. Faraja alikuwa amenipa kichwa cheusi tii, cha msichana wa kuanika ndakala. Basi nikaanza kukata nywele moja, ya pili, ya tano, kila moja mstari mweupe.

"Mama, sheria ni mukato moja," Faraja akasema.

"Sheria ni ukweli," nikamjibu. "Na mi niko na mvi mingi."

Ile ya ushahidi mliitaka ibaki kwenye droo. Niliichukua, na sasa mnajua ilikokwenda. Jumamosi iliyofuata nilipanda boti mpaka Swima, kwa Mama Wabiwa. Amezeeka, mikono yake inatetemeka sasa, lakini Wabiwa bado yuko ukutani, amekuwa rangi ya kahawia kidogo kwa moshi, anaangalia mlango. Nikafungua bomba la karatasi. Mama Wabiwa akanitazama mimi, akaitazama chapa, akahesabu mvi kwa kidole na kuridhika. Kisha akanituma nilete kiti na msumari, akanionyesha mahali pa kuutia, karibu kabisa na binti yake.

"Weka hapa," akasema. "Alikuwa anakaa peke yake sana."